Sheria ya Pini

Kila asubuhi, kabla binti wa kaka yake hajamsomea yaliyoandikwa jukwaani, Shangazi huchukua pini tatu kwenye kimto na kuzibana midomoni. Anayemwona hudhani anajiandaa kukunja pindo la sketi. Kumbe anajifunga mdomo. Ukiwa na pini midomoni huwezi kujibu tusi; ukijaribu, utajichoma ulimi. Akishasikiliza yote, huzitoa moja moja, huzichomeka kwenye kimto, ndipo husema, "Haya, andika."

Jukwaa lenyewe ni la washonaji, lipo kwenye simu, na aliyelianzisha ni yeye, akiwa kibandani kwake katikati ya duka la viatu na kinyozi. Mpwa wake ndiye mwandishi, maana macho ya Shangazi hayapatani na herufi ndogo. Mtu huweka picha ya nguo aliyoshona, wenzake wakaipigia kura: dole juu au dole chini. Nguo yenye madole mengi ya juu hukaa mbele, wateja wakaiona. Ya madole ya chini huzama.

Mwanzoni ilikuwa raha. Kisha wakaja mafundi wa maneno. Kinara wao alijiita Mkasi, mshonaji wa suti. Akisema gauni la fulani linafaa kufunikia jenereta, watu walivunjika mbavu, na madole ya chini yakamiminika. Wanaojifunza wakaanza kuondoka, kimyakimya, bila hata kuaga.

Ndipo Shangazi akaleta sheria ya fundi aliyemfundisha kazi. Fundi yule hakuwa mtu wa kusema "mbaya". Alichomeka pini penye kosa, akakurudishia nguo yako, basi.

"Dole chini ruksa," Shangazi aliamuru iandikwe. "Lakini weka pini. Tia kidoti chekundu kwenye picha, hapo hapo palipoharibika. Dole lisilo na pini nitalifuta."

Mkasi alikuja juu. "Tumegeuzwa watoto wa chekechea! Mtu hata kucheka aombe ruhusa?" Akaitisha kura ya jukwaa zima: sheria ya pini ifutwe, na usimamizi apewe yeye.

"Mfungie nje, Shangazi," mpwa alimsihi. "Nabonyeza mara moja tu, tumeachana naye."

Shangazi alitikisa kichwa, pini zikimeremeta midomoni.

Kura ikaenda vibaya. Watu wa Mkasi walikuwa wepesi wa kubonyeza. Wengine, ambao ndio wengi, walikuwa wa kusoma na kupita. Kufikia asubuhi ya siku ya mwisho, Mkasi alikuwa mbele, na kura ilikuwa inafungwa jioni. Shangazi alimpimia mteja kiuno mara mbili akasahau kipimo mara mbili.

Asubuhi hiyo hiyo, mwanachama mgeni aliyejiita Mama Mapacha akaweka koti lake la kwanza. Mkono wa kushoto ulikaa vizuri. Wa kulia ulijipinda kama unatafuta kitu mgongoni.

"Koti la mtu anayetembea kinyumenyume," Mkasi aliandika. Madole ya chini yakafurika. Pini haikuwepo hata moja, na mpwa hakuwahi kuyafuta yote.

Muda si muda Mama Mapacha akajibu: "Nimeelewa. Cherehani naiuza. Samahani kwa kuwasumbua."

Mpwa alipolisoma hilo, Shangazi alitema pini zote kwa mkupuo. "Hebu lete hiyo picha." Akavaa miwani, akaisogeza simu mpaka ikakaribia kugusa pua. Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Amekata mikono miwili ya kushoto!"

"Inawezekana?"

"Mwanangu, inawezekana! Andika. Mama Mapacha, usiuze kitu. Kitambaa kilikuwa kidogo, si ndiyo? Ukakata mkono mmoja mmoja, ukasahau kuigeuza karatasi ya kipimo. Fumua wa kulia, geuza karatasi, kata mwingine. Pini nakuwekea hapo begani." Akafikiri kidogo. "Na uulize: nani mwingine yamemkuta?"

Shangazi akarudi kwenye cherehani, lakini mguu haukukanyaga.

Kisha ikaja picha ya shati la mtoto, na pini begani. "Mimi hapa. Mtoto alilivaa akidhani ndio mtindo." Aliyeiweka hakuwa amewahi kuandika neno tangu ajiunge. Ikafuata blauzi. Ikafuata joho la kwaya. "Gauni la dada yangu la harusi," mwingine akaandika. "Alikaa na shali siku nzima kwenye joto lile, na mpaka leo mume hajui." Wasomaji wa kimya wakatoka kila pembe, kila mmoja na vazi lake lililopinda, kila mmoja na pini yake. Na kwa kuwa walishafika, wakapiga kura.

"Mnacheka nini huko?" kinyozi aliuliza, kiwembe mkononi, mteja wake amebaki na ndevu upande mmoja.

"Tunashinda!" mpwa akapiga kelele.

Jioni kura ilipofungwa, sheria ya pini ilikuwa imemwacha Mkasi mbali kabisa. Mama Mapacha alirudisha koti jukwaani, mkono wa kulia ukitazama mbele kwa adabu, likapanda juu kuliko nguo zote za wiki hiyo.

Mkasi alipotea siku kadhaa. Aliporudi, aliweka suruali, na kidoti chekundu alikitia mwenyewe. "Inavuta hapa kwenye paja. Nimehangaika nayo. Nisaidieni."

Wakamsaidia. Mama Mapacha alikuwa wa kwanza.

Mpwa aliweka simu mezani. "Lakini Shangazi, kwa nini hukumfungia nje tangu mwanzo?"

Shangazi alichomeka pini ya mwisho kwenye kimto.

"Anashona kola kunishinda. Ningemfukuza, nani angetufundisha kola?"