Kichupa Namba Tisa

Shangazi yangu ameajiriwa kuchukua mavi ya bata mwitu, na ukicheka mbele yake utajuta. Kila asubuhi huzunguka bwawa la majitaka na vijiti vyake vya pamba, anachovya, anatia kwenye kichupa, anaandika namba. Maabara husoma vinasaba vilivyomo: kama kuna virusi vya mafua ya ndege, ni vya aina gani, na ndege gani kaviacha. Yeye hudai hahitaji mashine kumtambua mwenye mavi. Ana maringo huyo, na nampenda hivyo hivyo.

Jumatatu moja daktari wa mifugo, bosi wake, alimwita. Kichupa namba tisa kilikuwa na virusi vile vibaya, vinavyomaliza banda zima. Tena kilikuwa na vinasaba vya ndege wawili: bata mwitu na bata wa kufugwa.

“Huyu wa kufugwa kafuata nini bwawani?” daktari akauliza.

Shangazi akatazama miguu yake. Mabuti ya kazini hayaruhusiwi kwenda nyumbani. Yake yalikwenda na kurudi, kwa uvivu tu wa kubadilisha viatu, na ndiyo aliyovaa akiwalisha bata kumi na wanne wa mama yake, yaani Bibi yangu. Angeweza kunyamaza. Lakini kama mavi ya nyumbani yalifika bwawani, basi huenda virusi vya bwawani vilifika nyumbani, na bata wakikutwa navyo wangeuawa wote na kufukiwa.

“Ni mimi, daktari,” akasema. “Ni mabuti yangu.”

Alasiri hiyo aliingia uani kwa suti nyeupe, barakoa na miwani. Bata wakatimua mbio.

“Mama, na wewe vaa barakoa.”

“Nimewalea tangu mayai, leo niwafiche uso?”

Akavaa, kwa kununa, akawashika mmoja mmoja huku Shangazi akipitisha kijiti kooni na kingine nyuma. Dume moja likamnyea Shangazi mkononi.

“Haya, mwenye utaalamu,” Bibi akasema, “hayo ni ya nani?”

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Ila baada ya hapo, kwa siku tatu, Bibi hakugusa chakula ipasavyo, na Shangazi hakuweza kumtazama usoni.

Siku ya nne simu ikalia: bata wote wazima. Shangazi akapiga magoti.

“Nisamehe, mama. Nusura nikumalizie bata wako.”

“Bata?” Bibi akang’aka. “Bata si ningefuga wengine! Ugonjwa huo si unashika hata watu? Siku tatu nakusikiliza unavyopumua.”

Shangazi akainua uso. “Nilipimwa siku ile ile, mama. Sina kitu. Nilidhani unawawazia bata.”

Bibi akamchapa kofi la bega, kofi la kweli, kisha akamkumbatia na hakumwachia upesi.