Taulo za Kuonyeshwa Mgeni

Mnaniuliza kila siku kwa nini sijifungi khanga tena kazini, nami nawajibu kwamba joto limezidi, mnacheka, yanaisha. Leo naisema, maana aibu hii nimekaa nayo tangu mwaka jana na bado haijazoeleka, na heri mcheke mkiwa mnajua mnachokicheka.

Mnakijua kituo chetu cha kulelea watoto pale Msalato. Wazazi wengi wanatuachia watoto alfajiri, wanakwenda ofisini Mtumba, wanarudi jioni wamechoka hoi. Mimi ndiye mlezi mkuu, na juu ya hapo ndiye mwalimu wa afya, kwa sababu nilihudhuria semina ya siku mbili nikapewa cheti, nacho nikakitundika ofisini juu kabisa ambapo hata mimi mwenyewe nahitaji stuli kukifikia (hilo peke yake lingetosha kuwaonya).

Sasa, tukaambiwa anakuja mgeni kutoka wilayani kukagua usafi, na vituo vitakavyofanya vizuri vitatajwa kuwa vya mfano. Madamu mwenye kituo akanunua taulo ndogo nyeupe ishirini na mbili, moja kwa kila mtoto, fundi akazidarizi majina, tukazitundika ukutani kila moja na msumari wake. Zikapendeza, jamani. Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu, ambao hakunishauri mtu: nikawaambia wenzangu taulo hizo zisiguswe mpaka mgeni apite, maana uso wa mtoto wa miaka mitatu mnaujua, ukiufuta mara moja tu hiyo taulo si nyeupe tena. Sabuni mpya nayo nikakataza isifunguliwe. Yaani vifaa vya kuzuia magonjwa nilivilinda visishikwe na watoto.

Asubuhi ya siku yenyewe upepo ulivuma ule wa kwetu, unaochota vumbi lote la uwanja na kulileta mlangoni. Watoto wakaingia nyuso za udongo, kamasi zimeganda. Akaja Mama Chiku, anayepikia mafundi wa ujenzi, amemshika Chiku mkono. Chiku ndiye aliyekuwa asome shairi la kumkaribisha mgeni, beti tatu kuhusu kunawa mikono, nilizitunga mwenyewe na kumfundisha mwezi mzima, na hapakuwa na mtoto mwingine anayeziweza. Macho yake yalikuwa mekundu, jicho la kushoto limejaa tongotongo za njano. Mama yake akasimama pale getini akaniuliza, "Mwalimu, macho haya unayaonaje, nirudi naye nimpeleke zahanati?"

Nikamwambia, "Ni vumbi tu hilo, mama. Litatoka lenyewe."

Nyie, mimi ni mtoto wa kijiji cha Busi. Bibi yangu alikufa haoni kwa ajili ya vikope, ule ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na nilipokuwa mdogo mimi ndiye niliyemng'oa kope zilizogeukia ndani, nikimshika kidevu, yeye akivumilia. Hakuna mtu katika kituo kile aliyekuwa na haki ndogo kuliko mimi ya kusema neno vumbi. Lakini nilikuwa na shairi, nilikuwa na mgeni, na saa zilikuwa zinakimbia.

Mama Chiku akaniamini, akaenda kuwasha majiko yake. Mimi nikachukua upindo wa khanga niliyojifunga, nikaulowesha kidogo, nikamfuta Chiku macho vizuri mpaka yakang'aa, nikahamia kwa aliyemfuata, na aliyemfuata, mstari mzima, kona ileile, kama mama alivyokuwa akitufuta sisi watano tukienda sikukuu. Ukutani taulo zimetulia.

Mgeni akaja, tukampa shikamoo, akasikiliza shairi akapiga makofi. Akazishika taulo, akasoma majina moja baada ya jingine, akasema kituo hiki kinafaa kuwa cha mfano. Mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa uongo.

Siku ya tatu yake watoto wanne waliamka macho yameshikana. Ijumaa walikuwa kumi na watatu, na mimi mwenyewe nimevaa miwani ya jua darasani. Mama Chiku alikuwa amenipigia simu katikati ya juma, akasema jicho la kushoto limevimba na mtoto analia akiona mwanga. Na mimi (hili ndilo linaloniamsha) nikamjibu aendelee kulisafisha kwa maji safi, vumbi la mwaka huu ni kali. Alipochoka kunisikiliza akampeleka hospitali, wakamwambia kioo cha jicho kimeshapata kidonda, na kwamba angewahi ingekuwa habari nyingine.

Jumamosi Madamu akaitisha kikao cha wazazi, na bwana afya wa kata akaja. Watu walikuwa na hasira ya kweli, kuna baba alikuwa amekaa nyumbani siku mbili na mapacha wagonjwa. Wakauliza ugonjwa umetoka wapi. Ningeweza kukaa kimya. Ningeweza hata kusema kweli, ingawa hilo halikunijia kabisa. Nikasimama, nikaonyesha taulo ukutani, nikasema kituo kina vifaa vyote kama mgeni alivyoshuhudia, ila tatizo ni baadhi ya wazazi kutuletea watoto ambao tayari ni wagonjwa. Na macho yangu yakaenda kwa Mama Chiku, aliyekaa nyuma amempakata mtoto mwenye pamba juu ya jicho. Watu wote wakageuka kumtazama.

Akasema taratibu, "Nilikuuliza, mwalimu."

"Labda umesahau, mama," nikamjibu. Kwa sauti ya upole kabisa, ile ya kwenye semina.

Akainama. Mama mmoja mwenye gauni la kijani, Mama Doreen, ambaye siku ya mgeni alikuwa amechelewa kazini makusudi ili ampige mwanawe picha, akasema yeye ana video ya asubuhi ile. Mimi moyoni nikafurahi (mjinga hana pembe), nikajua wataona shairi. Wakaiunganisha simu kwenye televisheni yetu kubwa ya katuni.

Video ilianzia getini. Wa kwanza kuonekana ni mimi, nimepaka na wanja, na sauti yangu ikatoka safi kuliko ninavyojisikia mwenyewe nikiongea: "Ni vumbi tu hilo, mama. Litatoka lenyewe." Halafu khanga. Mlezi mkuu, mwalimu wa afya, anafuta macho ya Chiku, anageuza mkono, anafuta ya Doreen, anageuza mkono. Bwana afya akaomba irudishwe nyuma kidogo. Ikarudishwa. Akahesabu kwa kidole, na alipofika wa kumi na tisa akaacha. Khanga yenyewe ilionekana vizuri, na baba mmoja akausoma ule msemo wake kwa sauti: NAWAPENDA NYOTE SAWA. Mtu mmoja akacheka. Hakuna aliyemfuata.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mnaijua ardhi ya Dodoma ilivyo ngumu. Mama Chiku alinyanyuka, akamweka mtoto begani, akanitazama. Hakunitukana. Alisema tu, "Basi sikusahau," akatoka.

Kituo kilifungwa majuma mawili. Watoto wengine walipona kwa dawa ya kupaka, macho yakawa meupe kama hayakuugua. Niliandika barua ya kuacha kazi, Madamu akaikataa, akasema nikae nitazame nilichofanya, na pengine hiyo ndiyo adhabu kubwa kuliko kufukuzwa. Nilikwenda kwa Mama Chiku mara mbili kuomba msamaha. Mara ya kwanza hakunifungulia. Ya pili alinipa kigoda, akaniambia amenisamehe ila nisimwombe tena, maana kila nikiomba inambidi akumbuke.

Chiku alirudi mwezi uliofuata. Jicho la kushoto lina doa jeupe katikati, dogo kama chenga ya mchele, na upande huo haoni vizuri, akikimbia anagonga nguzo ya kibaraza. Wamesema huenda akikua watajaribu kumfanyia kitu, huenda. Siku ile ya kwanza nilikuwa nawanawisha, kila mtoto na taulo yake (sasa ni za kijivu, madoadoa, mgeni akija atazikuta hivyo hivyo). Nikamsikia Doreen akimwuliza una nini kwenye jicho. Chiku akamjibu huku anajifuta, bila wasiwasi wowote.

"Ni vumbi tu. Mwalimu alisema litatoka lenyewe."

Nikaendelea kumwaga maji juu ya mikono ambayo ilikuwa imeshasafishika. Khanga ile nimeifungia sandukuni, siivai wala siigawi. Na hilo neno vumbi, jamani, hata upepo ukivuma namna gani, mtoto akiniletea jicho jekundu mimi silitamki tena.