Mtaalamu wa Safari za Wanawake, Kiti cha Nyuma

Niliondoka Migori kwa sababu nilikuwa nimeandika sentensi moja nikaipenda kupita kiasi. Ilisema hivi: "Katika filamu za Kihindi za wanawake safarini, kuharibika kwa gari ni zawadi ambayo barabara humpa mwanamke." Ilikuwa kwenye ukurasa wa pili wa makala niliyokuwa naandika ili kuombea nafasi ya shahada ya uzamili, na kila asubuhi niliisoma kabla ya chai.

Filamu hizo nilikuwa nimezitazama mpaka macho yakauma. Bibi harusi anatoroka akiwa bado na hina mikononi. Mjane na wakwe zake wanakodi gari kuvuka jangwa. Marafiki watatu wanapanda pikipiki kwenda milimani bila kumuaga mume wala kaka. Njiani gari linazima, wanawake wanakaa juu ya boneti, wanaambiana siri, wanalia, wanacheza, halafu hawawi tena watu wale waliotoka nyumbani. Nilikuwa na maswali mengi juu yao. Kwa nini fundi anayetokea huwa ni mwanamume mzuri mwenye gitaa? Kwa nini binti aliyekimbia hurudi hatimaye kwa baba yake? Mimi huuliza kila kitu. Jambo moja tu sikuwa nimelifanya: kusafiri na mwanamke anayeendesha gari. Mimi mwenyewe sikuwa na leseni hata ya mkokoteni.

Watazamaji wenzangu walikuwa wawili. Wa kwanza ni Anti Pamela, mdogo wa mama yangu, ambaye kwa miaka sita amekuwa akisambaza rangi na misumari kwa gari la duka moja la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Wa pili ni jirani yake, Min Achieng, yaani mama yake Achieng. Jumapili baada ya kanisa walikuja kwangu, nikawafungulia kompyuta, nikawatafsiria maandishi ya chini ya picha na kuwaongezea nadharia ambayo hawakuiomba.

"Hawa wamekuwa njiani siku nne," Min Achieng aliniuliza siku moja. "Hawaendangi choo?"

Nikamjibu kwamba mwongozaji aliliacha hilo kwa makusudi ya kisanaa.

"Kusudi gani?"

Nikaongeza sauti ya wimbo.

Basi Anti alipopata barua ya kuitwa Homa Bay, Alhamisi saa tano asubuhi, kujaribiwa kazi ya udereva wa basi la shule moja ya wasichana, niliomba kwenda naye. Alikuwa mwanamke pekee kati ya wanne walioitwa. Nilimuuliza kwa nini anaitaka sana kazi hiyo.

"Nimechoka kubeba rangi," alisema. "Rangi haisemi asante. Nataka kubeba watu."

Nikaiandika kwenye daftari. Mbele yangu niliona makala yenye mhusika aliye hai.

Saa mbili asubuhi, Migori. Tulikuwa mbele ya duka la Mzee Abdalla, mwajiri wa Anti, mtu wa Malindi aliyekubali kumwazima gari lile jeupe la mizigo kwa siku nzima. Min Achieng alikuwa ameshakaa mbele na kikapu cha viazi vitamu na samaki wa kukaanga. Alikuja, alisema, kwa sababu hajawahi kuendeshwa na mwanamke kupita Awendo.

Kazi yangu ilikuwa kupanga buti. Ndani mlikuwa na makopo ya rangi ya kushushwa Rongo, gurudumu la akiba, na mfuko mmoja mchafu wa grisi wenye jeki na spana ya magurudumu. Mimi nilikuwa na stendi ya kamera, niliyoiazima kwa mpiga picha wa harusi. Stendi haikuingia. Nikautazama ule mfuko wa grisi, nikautazama mkono wa shati langu, nikautoa mfuko na kuuweka barazani mwa duka. Stendi ikaingia vizuri sana.

"Kila kitu iko?" Anti aliuliza, mkono kwenye ufunguo.

"Kiko."

Mzee Abdalla aliinama dirishani. "Bi Pamela, gari hili nirejeshee kama ulivyolichukua. Huyu kijana, hata ukimsahau huko, hapana neno."

Awendo, pembeni mwa mashamba ya miwa. Hapa nilimwomba Anti asimame. Katika filamu, nilieleza, huwa kuna mahali ambapo mwanamke anashuka, anakunjua mikono na kutazama mbali, upepo ukimpiga usoni. Ndipo mtazamaji anapojua kwamba ameanza kuwa huru.

"Tuko na saa?" Min Achieng aliuliza.

"Dakika tano tu."

Zikawa ishirini. Anti alisimama ukingoni akiwa amekunjua mikono kama mtu anayepekuliwa na polisi. Nyuma yake trekta la miwa lilipiga honi mpaka dereva wake akachoka, akachungulia nje na kutuuliza kwa Kijaluo kama kuna mgonjwa.

"Ako hapa," Min Achieng alimjibu, akinielekeza kwa kidole. "Kichwa."

Saa tatu na nusu, Rongo. Tulishusha rangi, tukakata kushoto kuelekea Homa Bay. Anti aliendesha vizuri, jambo lililonisikitisha kidogo. Hakuyumba, hakugombana na mtu, hakuimba. Alipunguza mwendo penye matuta na kuwapisha ng'ombe. Nilimuuliza anajisikiaje usukani ukiwa mikononi mwake.

"Nasikia hii klachi imeanza kulegea," alisema.

Rodi Kopany, sokoni. Min Achieng aliomba kwenda choo, akaniangalia kwa muda mrefu kabla ya kushuka, ili niandike. Nami nikaona hiyo ni nafasi ya utafiti. Nilimwendea mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya mafungu mafungu, nikamuuliza kama anaona barabara imemkomboa.

"Unanunua ama hununui?" alisema.

Nikauliza kwa namna nyingine.

"Kijana, umesimama mbele ya nyanya."

Niliporudi, Min Achieng alikuwa ameshakaa kitambo na injini ilikuwa ikinguruma. Anti alitazama tu saa ya gari. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na tano, na safari iliyobaki ni ya dakika ishirini.

Kilomita chache baada ya Rodi, saa nne na nusu. Gari lilivuta upande wa kushoto, likaanza kupiga lami kama mtu anayetwanga. Pancha. Anti aliliingiza kando taratibu, akazima, akashuka.

Nataka nikiri nilichokihisi. Nilifurahi. Moyo ulinidunda kwa furaha ya mwanasayansi. Wanawake wawili, barabara, gari limekwama, kwa mbali ziwa linang'aa! Nilichukua kamera, nikatoa stendi butini na kuifungua miguu yake kwenye majani, nikawa natafuta pembe nzuri. Wakati huo Anti alikuwa ameingiza kichwa chote kwenye buti.

"Jeki iko wapi?"

Nilikuwa bado nazungusha lenzi.

"Wewe. Jeki na wili spana."

"Nimeziacha barazani," nilisema. "Stendi haikuwa inatoshea."

Anti alinigeukia. Katika zile filamu, hapa ndipo mwanamke hucheka mpaka machozi, kisha hulia, kisha husema jambo alilolificha tangu utotoni. Anti hakufanya hata moja. Alitazama kamera, taa yake nyekundu ikiwaka.

"Zima."

Nikazima.

Alipiga simu ya ofisi ya shule, ikalia hadi ikakatika. Akapiga tena. Min Achieng akamwambia apande boda awahi, gari tutalilinda sisi.

"Nitaacha gari ya mtu barabarani niende kuomba kazi ya gari?" alisema Anti. "Nitawaambia nini? Na nimwachie nani, huyu jasinema?"

Akapungia mkono gari la kwanza, la pili, la tano. Wanawake wanne waliotoka sokoni na ndoo kichwani walisimama wakajitolea kuinua gari kwa mikono, na naamini wangeweza, ila nati hazifunguki kwa mikono. Lori la ng'ombe lilisimama, spana yake ikawa kubwa kama ya meli. Wale wanawake walitaka kujua ni nani aliyeacha jeki nyumbani. Min Achieng akawaeleza, tena kwa Kijaluo, na kwa kirefu. Walicheka wakashika viuno. Mmoja aliniuliza nimesoma mpaka wapi. Nilipomwambia, alishangaa, "Yawa!" akajitwisha ndoo yake, wakaenda.

Saa tano ilipita tukiwa pale. Anti aliiona ikipita. Aliketi juu ya lile gurudumu la akiba, barua ya shule mapajani, akaikunja mara mbili na kuirudisha kwenye mkoba.

Saa tano na nusu mkombozi wetu alitokea, na hakuwa na gitaa. Alikuwa mzee anayeuza maji kwa pikapu, ana jeki, na ana haraka. Alishuka akaniletea spana mimi, kwa kuwa ndimi mwanamume niliyekuwepo. Nikaipokea kwa heshima. Niliizungusha kwa nguvu zangu zote, jasho likanitoka, nati haikusogea.

"Unakaza," alisema yule mzee.

Anti alininyang'anya spana bila kuniangalia. Kwa muda ambao mimi hutumia kutafuta miwani yangu, gurudumu la zamani lilikuwa limeshalala kwenye majani.

Saa sita, Homa Bay. Shule ilikuwa nje kidogo ya mji, geti la bluu, basi la njano limeegeshwa chini ya mti na boneti yake bado ina joto. Wanaume watatu waliojaribiwa walikuwa wameshaondoka. Mwalimu mkuu, mama wa makamo aliyevaa viatu vya kutembelea shambani, alitupokea uani akiwa na orodha mkononi.

"Pamela? Ulikuwa saa tano."

Hapo nilijitokeza mbele. Nilieleza vizuizi ambavyo jamii humwekea mwanamke barabarani. Nilitaja jangwa. Nilitaja sinema za Kihindi. Nilikuwa katikati ya sentensi ndefu Min Achieng aliponivuta shati.

"Huyu ni nani?" aliuliza mwalimu mkuu.

"Mtoto wa dada yangu," alisema Anti. "Ndiye alitoa jeki kwa gari. Tukapata pancha."

"Na wewe uliangalia kabla ya kutoka?"

Anti alinionyesha kwa kidevu. "Nilimuuliza. Akasema iko."

"Sikuuliza kama ulimuuliza."

"Sikuangalia, madam."

Mwalimu mkuu alikunja orodha. Hakuwa mkali. Afadhali angekuwa. "Ningekupa hata sasa hivi ufunguo ujaribu," alisema, "na kwa vile nimeona ulivyopinda pale getini, labda unawashinda wale. Lakini mimi nabeba watoto wa watu. Dereva wangu haambiwi iko. Anaona iko. Muhula ujao tunapata basi ya pili. Ukiwa bado unataka, ulete barua."

"Nitaleta," alisema Anti. "Asante, madam."

Alisema asante. Mimi ndiye niliyekuwa na machozi, na hakukuwa na boneti ya kuyamwagia.

Kurudi. Tulipopita Rodi, Min Achieng aligawa viazi na samaki, nami nikapewa kichwa cha samaki. Karibu na Rongo nilianza kuomba msamaha. Nilisema kwamba kosa langu lilitokana na kuiangalia safari kama maandishi, na kwamba katika hali fulani mtazamaji huwa—

"Maneno matatu," Anti alinikata.

"Ati?"

"Omba msamaha na maneno matatu. Ikizidi, unashuka."

Nikahesabu kwa vidole. "Nisamehe, Anti Pamela."

"Kare," alisema, yaani haya basi, akabadilisha gia.

Tulifika Migori jioni. Mfuko wa grisi ulikuwa palepale barazani. Mzee Abdalla alikuwa ameukalisha kwenye kiti, kama mgeni, na alituuliza safari ilikuwaje ingawa alishajua. Kabla sijaenda kulala Anti alinifanya nifungue na kufunga gurudumu moja mara nne mbele ya majirani. Mara ya nne nilifanikiwa bila kuelekezwa. Watu walipiga makofi, wengine kwa dharau, lakini nilipokea yote.

Nimeifuta ile sentensi ya ukurasa wa pili. Nimezitazama upya zile filamu, na bado nazipenda. Lakini sasa gari likizima jangwani, siwasikilizi tena wanaoimba juu ya boneti. Namtafuta aliyefungasha buti, na nawaza mwanamke yule alikuwa anatarajiwa wapi, saa ngapi, na nani aliyekuwa akimngoja na orodha mkononi. Miaka yote niliuliza barabara inamfanyia nini mwanamke. Niliyeketi kiti cha nyuma ndani ya gari hilohilo, sikuwahi kujiuliza namfanyia nini mimi.

Muhula uliofuata Anti alipeleka barua, akaitwa tena. Asubuhi hiyo nilidamka mapema, nikavaa shati ambalo haliogopi grisi, nikamkuta akiwa amepiga magoti nyuma ya gari, anagusa kitu kimoja kimoja butini kwa mkono wake. Nilimwomba nafasi. Niliahidi sitabeba hata kalamu.

"Gari imejaa," alisema.

Nilichungulia. Viti vyote vilikuwa vitupu. Hata Min Achieng hakuwemo.

Kazi aliipata. Sasa anabeba wasichana, na nasikia huwa wanamwambia asante kwa sauti moja wanaposhuka. Lakini safari ile ya pili, ambayo ndiyo iliyostahili kusimuliwa, siwezi kuisimulia kwa sababu sikuwepo. Nilimwomba aniambie ilivyokuwa, hatua kwa hatua, tangu Migori. Alifikiri kidogo, akitaka kunisaidia kwa dhati.

"Nilienda," alisema. "Nikafika."