Mabawa ya Turubai

Kwa miaka ishirini na sita Mama Turubai alipigana na upepo. Alishona maturubai ya malori katika chumba cha chini cha jengo la ghorofa nne, na dereva aliyerudi na turubai lililochanika alirudi pia na lawama. Akajifunza kushona kitu kikae kama ngozi ya ngoma: pindo mara mbili, uzi uliopakwa nta, tundu la kamba kila baada ya shubiri moja. Mumewe, dereva mstaafu aliyegomewa na mgongo, aliwaambia wateja kwamba kwenye turubai la mkewe upepo hupita ukiomba radhi.

Mwalimu wa ghorofa ya nne, aliyefundisha fizikia hadi akastaafu, alikuwa amefunga paneli za jua juu ya paa ziendeshe pampu ya maji ya wapangaji wote. Mpaka saa tisa mambo yalikuwa shwari. Jua likishajificha nyuma ya jengo jirani, pampu hunyamaza, na watu wakitoka kazini hupanda ngazi na ndoo mkononi. Saa hiyohiyo ndipo upepo huanza kuvuma. Mwalimu akaunda gurudumu la upepo kwa vipande vya bati, lizungushe dinamo ya lori na kujaza betri. Lilizunguka, lakini kwa kelele za kumtoa nyoka pangoni. Wiki ya pili bawa moja liling'oka na kutua juu ya shuka za jirani zilizoanikwa. Wapangaji wakakaa kikao: libadilishwe, au literemshwe.

Mwalimu akashuka hadi chumba cha chini.

"Dada, nishonee mabawa sita ya turubai."

"Ya nini, Mwalimu?"

"Ya kukamata upepo."

Mama Turubai akaweka mkasi mezani. "Kazi yangu mimi ni kuufukuza."

"Ndiyo maana nimekuja. Unaujua kuliko mimi."

Alishona kama alivyozoea, nguo ikawambwa sawasawa kwenye fremu za bomba. Mwalimu akayafunga. Gurudumu likazunguka kivivu, kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

"Labda turubai ni zito," Mwalimu alisema alipoleta habari.

Neno hilo lilimkera Mama Turubai. Hakuwahi kupanda zaidi ya ghorofa ya pili. Ngazi ndefu zilimtia kizunguzungu. Siku hiyo alipiga moyo konde, akapanda akishika ukuta, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikaa jioni mbili akitazama tu. Jioni ya pili aliona bawa moja ambalo mshono wake ulikuwa umelegea. Nguo yake ilifura kidogo, na kila lilipopata upepo ndilo lililovuta wenzake.

Alifumua yote sita, akayaachia tumbo. Sasa gurudumu likakimbia, mpaka dhoruba ya kwanza ilipokunja fremu mbili. Mama Turubai hakulalamika. Alichukua tyubu kuukuu ya lori, akamwambia mumewe aikate vipande vyembamba, akaunganisha pembe za nguo na fremu kwa mpira huo. Upepo ukizidi, mpira unavutika, nguo inalegea, na upepo unapita.

Mumewe alilitazama bawa lililokamilika, akalivuta pembe.

"Turubai kama hili ungenipa zamani, ningekurudishia siku hiyohiyo."

"Ungerudisha na ningekupa jingine kama hilihili. Endelea kukata."

Mabawa yakakaa. Pampu ikafanya kazi hadi giza linapoingia, na ndoo zikapungua kwenye ngazi, ingawa hazikwisha. Zipo siku upepo hauji kabisa. Jua nalo lilikula nguo, hivyo kila baada ya miezi kumi Mama Turubai alishona upya. Mwalimu alipohamia kwa bintiye alimwachia ufunguo wa paa na daftari la michoro. Michoro hakuielewa sana. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho Mwalimu alikuwa ameandika: tumbo la nguo, muulize fundi.

Majengo mawili ya mtaa wa nyuma yalileta maombi. Moja alilikubali. La pili alikwenda kulikagua, akakuta paa limepasuka, akawaambia wazibe nyufa kwanza. Wakanuna. Mwaka uliofuata wakamwita tena, paa likiwa limezibwa, naye akaenda na futi yake kupima.