Mpini wa Mpera

Chuma chenye moto kikipenya kwenye mti wa mpera, hutoka moshi wenye utamu kidogo, unaokereketa koo. Katika karakana yangu hapa Hamugembe, ninakotengenezea majembe ya wakulima wanawake, naivuta harufu hiyo karibu kila siku. Nayo hunirudisha Muleba, nikiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Baba alikuwa amekwisha fariki. Mama alipalilia kibanja cha ukoo, shamba letu la migomba, akiwa amepiga magoti, kwa kijembe kilicholika, chenye mpini mfupi kama mwiko. Jioni aliingia ndani ameshika kiuno, akijitania: "Koku, nitazame. Nimeinama kama mgomba wenye mkungu."

Nilimhurumia. Nikakata tawi la mpera, nikalichonga wiki nzima, nikalivisha jembe jingine. Mpini ulimfika kifuani. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. "Leo mimi ni bwana shamba!" Msimu ule alipalilia amesimama.

Ngoja nikueleze nisilolijua wakati ule. Mizizi ya mgomba haizami sana; inatambaa karibu na uso wa udongo, chini tu ya matandazo. Aliyepiga magoti huigusa kwa vidole kabla ya kukata. Aliyesimama hupiga kwa uzito wa mwili, wala hasikii kitu.

Mvua za masika zilikuja na upepo. Asubuhi moja tulikuta migomba kumi na mmoja imelala, mikungu yake bado michanga. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi mjini, kata ya Bakoba, alipopata habari alikuja. Akageuza shina kwa mguu, akaona mizizi iliyokatika.

"Shemeji, kibanja cha marehemu unakichinja?"

"Nimekosea. Ni mkono wangu."

"Umekata kwa jembe gani?"

"Hili hapa." Akanyoosha kile kijembe kifupi.

Nilifungua kinywa niseme. Mama akanikanyaga mguu.

Wazee wa ukoo walikaa siku ileile. Mama akaambiwa arudi kwao Ngenge. Mimi, mtoto wa ukoo, nibaki. Kabla ya kuondoka alinipikia maharage. Nilipochungulia jikoni, niliona mpini wangu unaungua kati ya mafiga. Nikadhani ameichukia zawadi yangu. Nilikataa kula, nikakataa hata kumsindikiza barabarani.

Siku hizi, kabla sijachonga mpini wowote, huenda kwanza shambani, nikapiga magoti kando ya mwenye jembe na kutazama vidole vyake. Hilo nilijifunza mapema. Lingine lilinijia Mama akiwa amekwisha zikwa. Yeye alikuwa anaondoka. Mimi ndiye niliyebaki kuishi na watu wale. Aliuchoma mpini asije mtu akauokota na kuuliza nani aliuchonga.

Na maharage yaliyoiva kwa moto ule, sikuyaonja.