Maumivu Tuliyoisingizia Saumu

Ramadhani ile mke wangu alikuwa akiamka ameshika kisogo. Alisema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu. Nyumbani kwetu Temeke hakuna aliyeshtuka. Mdogo wake, aliyekuja kumsaidia kupika futari, alimtania: "Dada, hicho kichwa kinadai chai tu! Si umeizoea asubuhi?" Mke wangu naye akacheka, akaendelea kukuna nazi. Kwetu kila mtu huumwa kichwa akifunga, basi tukaona ni saumu.

Jioni moja, kabla ya adhana ya magharibi, bakuli lilimponyoka na mdomo ukaenda upande. Hospitalini walisema ni presha, ilikuwa juu kwa muda mrefu, na sasa imemletea kiharusi.

"Mzee wangu," daktari aliniuliza, "kwani mgonjwa haruhusiwi kula?"

"Anaruhusiwa," nilimjibu. Wiki ileile nilikuwa nimelisomesha jambo hilo msikitini. Sikujua kwamba mgonjwa mwenyewe yuko kwangu.

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuniachia mke wangu. Siku hizi anaswali amekaa. Akisoma Alhamdu, ulimi unakwama katikati, nami nakaa pembeni yake nikimsubiri amalize.