Aliyemnyima Dawa

Mtafiti wa maabara ya mimea alikuwa na vidole vilivyokolea kijani cha majani, na kila chupa ya dawa ya ini aliyokuwa akiitafiti aliinusa kabla ya kuifunga. Mke wa fundi cherehani alimfikia akimkokota mumewe, mgonjwa wa ini, aliyekuwa ameanza kumwita yeye mkewe shangazi.

“Nigawie dawa yako, dada. Watu wanasema amerukwa na akili.”

“Hajarukwa, mama. Ini limeshindwa kuchuja sumu, imempanda kichwani. Hii bado tunaijaribu kwa panya. Nikikupa nitakuwa nakudanganya. Twende kwa daktari.”

Akavua glavu, akamshika mgonjwa mkono mpaka wodini, akimsemesha taratibu kama anayemsemesha baba yake mzazi. Madaktari wakamtibu, na siku mume alipofumbua macho na kuuliza, “Mke wangu, umekula?” yule mama alilia, kisha akaenda maabara kumshukuru aliyemnyima dawa.